Kipande cha Kidole Gumba

Pembe ya ng'ombe haifanyiwi kazi ikiwa mbichi. Inachemshwa kwanza kwenye nusu pipa kwa saa kadhaa, mpaka kiini cha mfupa kilichomo ndani kilegee, kisha inagongwa ubavuni na kiini kinachomoka. Harufu yake ni kali, ndiyo maana kazi hiyo hufanywa mbali na nyumba. Ikipoa inakwanguliwa kwa kigae cha chupa, inapigwa tupa, inapigwa msasa mkavu na baadaye msasa wa maji, halafu inasuguliwa kwa kitambaa chenye majivu laini mpaka ing'ae. Baada ya hapo ndipo mtu anajulikana kama ni fundi au ni mkata vifungo tu, kwa sababu kinachofuata ni kuchora.

Fundi ninayemsimulia hapa alichora kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, aliyoinoa juu ya jiwe na kuitia mpini wa mti. Alikuna mstari mmoja mmoja, mwembamba, bila kurudia. Uso wote ukishakunwa, ukiutazama huoni kitu. Hapo alichukua masizi ya chungu yaliyochanganywa na tone la mafuta ya nazi, akaupaka wote mweusi, akaufuta. Weusi hubaki ndani ya mikuno peke yake, na picha inatokea mara moja: milima ya Upare na wingu lake, majaruba ya mpunga na mifereji yake, mama mwenye kapu kichwani.

Fundi huyu nimemtunga. Hana jina, na Ndungu hakuna nyumba utakayoelekezwa ukimuulizia. Sheria iliyomkamata, thamani aliyopangiwa na historia inayomzunguka sikuvitunga.

Ndungu iko tambarare, upande wa mashariki wa milima ya Upare wa Kusini, kwenye njia inayotoka Same kupitia Kisiwani na Maore kwenda Kihurio. Nyuma yake milima imesimama wima. Mbele yake nchi inafunguka kuelekea Hifadhi ya Mkomazi, na ng'ambo ya Mkomazi ni Tsavo ya Kenya. Watu wanalima mpunga kwa maji yanayoshuka kutoka mlimani, mkonge upo, na wafugaji wapo na ng'ombe wao. Tembo nao wapo, na hawajui mpaka wa hifadhi unapita wapi; wakulima wa ukanda huu wanajua maana ya kuamka na kukuta mahindi yamelazwa. Kwa mtu wa kazi ya pembe, malighafi si tatizo. Pembe zinatupwa machinjioni, na wenye vibanda vya supu wanafurahi ukiwaondolea mifupa ya makongoro. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ukichemshwa na sabuni ya unga, ukaanikwa juani siku kadhaa na kusuguliwa vizuri, unakuwa mweupe wa maziwa na unapokea masizi vizuri kuliko pembe. Huko Kibera, Nairobi, mafundi wamekuwa wakitengeneza mikufu, bangili na vijiko kwa mifupa na pembe za ng'ombe zinazotoka machinjioni, na kazi zao zinauzwa nje ya nchi. Fundi wetu alikuwa na bidhaa zake: vichanio, vikuku, mipini ya visu, vipini vya bakora za wazee. Alifanyia kazi chini ya mwembe, kando ya barabara, kila anayepita akiona anachofanya.

Kazi ya kukuna na kutia weusi ina ndugu zake sehemu nyingi. Mafundi wa Kikamba wamekuna vibuyu kwa namna hii hii. Na karne ya 19, mabaharia wa Marekani waliokuwa wakiwinda nyangumi kutoka Nantucket na New Bedford, wakikaa baharini miaka mitatu hata minne, walikuna picha za meli na wake zao juu ya meno ya nyangumi, wakatia masizi ya taa au wino. Sanaa hiyo wakaiita skrimsho. Baadhi ya meli hizo zilifika mpaka Unguja. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, aliishiwa uvumilivu na meli yake, akashukia Zanzibar, na mwaka 1846 akachapisha kitabu juu ya safari ile na maisha yake kisiwani. Meno waliyochora wenzake leo yako makumbusho, na yanavutia kweli. Lakini ukilitazama jino lile kwa makini unakumbuka kwamba baharia hakulinunua; alilipata kwa sababu mnyama alikwisha kuuawa kwa ajili ya mafuta yake, na jino likaonekana ni la bure. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kulinda mamalia wa baharini, na tangu hapo jino la nyangumi si la bure tena kwa mtu yeyote huko.

Neno hilo, bure, ndilo lililomwingiza fundi wetu matatani.

Jioni moja mtoto wa jirani yake, kijana aliyemwona tangu akitambaa, alimjia na kiroba begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Nina mfupa hapa, nataka unikatie vidani na uvichore. Kuna watu wanavitaka."

Akautoa. Ulikuwa na urefu wa kiganja, wa rangi ya samli iliyoganda, umekatwa kwa msumeno pande zote mbili. Fundi aliupokea, akaupima kwa mkono, akaona ni mzito kuliko umbo lake. Akaugeuza, akautazama kichwani, pale msumeno ulipopita.

Mfupa wa ng'ombe, mahali ulipokatwa, una vitobo vidogo vidogo mno na vidoa vyeusi. Ni njia za damu za mnyama akiwa hai, na hakuna msasa unaozimaliza. Jino la tembo halina vitobo hivyo. Lina mistari myembamba inayopishana kutoka katikati kwenda nje, mmoja ukipita juu ya mwenzake kama ukili wa mkeka. Tembo wa leo ana mistari inayokutana kwa pembe pana, na mamothi wa zamani, yule anayechimbwa kwenye barafu ya Siberia, ana mistari inayokutana kwa pembe nyembamba. Kwa njia hiyo wataalamu wanaweza kutofautisha meno yao. Fundi hakujua habari za mamothi. Mistari aliiona.

"Mfupa wa mnyama gani huu?"

"Wa ng'ombe, mzee. Wa zamani. Ulikuwa kwenye tope, kule bwawani Kalimawe."

Fundi hakuuliza tena.

Hapa ndipo mahali pa kusimama, kwa sababu wengi wanaosimulia habari za namna hii huanzia kwenye pingu. Kosa la mtu huyu lilikwisha kutimia kabla ya pingu, kabla hata ya fedha kutajwa. Macho yake yalimwambia kitu, naye akachagua kusadiki maneno ya mtoto wa jirani. Hakudanganywa. Alipewa uongo na akaupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa alikuwa na haja nao.

Na haja yake kubwa haikuwa fedha. Kijana alimwahidi shilingi 150,000, na kwa mtu anayeuza kichanio kwa elfu tano hiyo ni kubwa. Lakini nadhani angeweza kuikataa. Kilichomshinda ni kile kitu chenyewe. Mfupa hukatika vibaya: shazia ikikutana na kitobo inaruka, mstari unapinda. Pembe ina nyuzi, na ukikuna kinyume cha nyuzi inachanika. Jino la tembo halifanyi hivyo. Linakubali mstari uende upande wowote, linabeba mchoro mdogo kama kucha, na linang'aa lenyewe kwa mafuta yaliyomo ndani yake. Fundi aliyeishi miaka yake yote akigombana na malighafi, akiwekewa mkononi kitu kisichogombana naye, anajaribiwa kuliko mlevi aliyewekewa chupa mezani. Namwonea huruma hapo. Kumtetea siwezi.

Uzuri huo huo umeigharimu nchi hii muda mrefu. Njia ya misafara kutoka Pangani ilipita Mazinde na bonde la Mkomazi, chini ya milima hii hii, kwenda bara kutafuta meno ya tembo. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyeandika historia ya watu wake, aliuanza mwaka 1860 mkasa wa Upare kuingizwa katika uchumi wa dunia, na misafara hiyo ni sehemu ya mkasa huo. Meno yaliyoshuka pwani yalivuka Zanzibar, na mengi yakaishia Deep River na Ivoryton, miji midogo ya jimbo la Connecticut, yakipasuliwa kuwa vibao vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Pwani yenyewe ilikuwa na kazi zake za fahari. Siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe za ndovu iliyohifadhiwa makumbusho ya Lamu, ni kazi ya mikono inayostahili heshima yoyote utakayoipa. Ila siwa moja ilitosha dola nzima, vizazi kwa vizazi. Piano zilitaka meno kila mwaka.

Na karibu zaidi na Ndungu kuna hesabu nyingine. Mkomazi lilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya ujangili wa muongo ule, tembo waliohesabiwa humo walikuwa 11. Serikali ikaendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili mwaka 1989, mwaka huo huo mkataba wa kimataifa wa CITES ukapiga marufuku biashara ya meno, na tembo wakaanza kurudi, wengine wakivuka kutoka Tsavo. Halafu wimbi la pili likaja: kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Mtu mzima wa Ndungu ameyaona yote mawili kwa maisha yake. Fundi wetu alikuwa mtu mzima.

Aliacha mwembe akaingia ndani. Kazi aliyozoea kuifanya mbele ya wapita njia akaanza kuifanya usiku, mlango umefungwa, taa ya chaji ikining'inia juu ya jiliwa. Mkewe alimtazama siku mbili.

"Baba, hii ni kazi gani isiyotaka jua?"

"Ni oda ya haraka."

"Oda za haraka ulizifanya tangu uliponioa, na hukuwahi kufunga mlango."

Hakumjibu. Mpwa wake, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alitumwa kwa bibi yake mlimani kwa wiki nzima bila sababu ya maana. Hilo nalo linasema kitu: mtu anayemwondoa mwanafunzi wake asione kazi anajua ni kazi ya namna gani.

Vidani vikatoka sita. Alivichora tembo chini ya mgunga, milima nyuma, na kwenye kimoja mawimbi ya majani ambayo hajawahi kuyapata kwenye mfupa. Kijana akaja, akalipa nusu, akaondoka navyo. Kikabaki kipande cha pembeni, kimepinda, hakifai kidani, kikubwa kama kidole gumba. Angekitupa chooni yaishe. Akakiweka. Usiku mwingine akakitoa akakichora, bila mteja, kwa kuridhisha mkono wake tu, na kwa ninavyoiona hadithi hii, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvichora: mstari wa milima kutoka kilele cha Shengena kushuka mpaka tambarare, na mvua ikitembea juu yake. Akakifunga kwenye kitambaa, akakitia ndani ya kisanduku cha tupa.

Kijana alikamatwa stendi ya Same akiwa na vidani vinne. Aliulizwa nani kachora. Siku ya pili gari lilisimama mbele ya mwembe. Askari waliingia pamoja na mtendaji wa kijiji na shahidi, wakapekua, na kipande kile kikapatikana mahali ambapo kila fundi angekitafuta kwanza. Hati ya ukamataji ikaandikwa pale pale, akaweka saini.

Wengi wetu hatuifahamu sheria hii mpaka tusomewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kifungu cha 86, inakataza mtu kuwa na nyara ya serikali, kuinunua, kuiuza au kuishughulikia kwa namna yoyote bila kibali. Nyara si jino la tembo pekee. Jino la ngiri na la kiboko, ngozi ya chui na kipande cha nyama ya swala ni nyara vilevile. Kusema uliokota hakukutoi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba umekipata kitu kihalali uko juu yako uliyekutwa nacho. Na shtaka huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, kwa hiyo linasubiri ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mshtakiwa anasubiri pamoja nalo.

Ajabu ilimkuta kwenye thamani. Alidhani kipande cha kidole gumba kitapimwa kwa gramu. Katika kesi hizi afisa wanyamapori anayeandaa hati ya tathmini huhesabu mnyama aliyekufa, na kipande kimoja cha jino ni tembo mmoja: dola za Marekani 15,000, zinazogeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa kosa la namna hiyo sheria inataja faini isiyopungua mara kumi ya thamani ya nyara, au kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30, au vyote viwili. Ukikaa ukafikiri, hesabu hiyo ina mantiki yake. Tembo hafi kwa gramu.

Siku ya ushahidi, afisa wanyamapori alishika kielelezo mbele ya hakimu, akaeleza amejuaje kwamba ni jino. Akaonyesha upande uliokatwa: hakuna vitobo vya mfupa, kuna mistari inayopishana. Fundi alisikiliza maelezo ambayo angeweza kuyatoa mwenyewe, tena vizuri zaidi. Zamu yake ilipofika akajitetea kwamba hakujua, aliambiwa ni mfupa wa ng'ombe.

"Umefanya kazi ya mifupa ya ng'ombe muda gani?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Miaka ishirini na mitano."

"Kwa miaka yote hiyo, umewahi kuona mfupa wa ng'ombe wenye mistari hii?"

Akanyamaza. Kama angekuwa dereva wa bodaboda aliyebebeshwa mzigo, pengine neno "sikujua" lingepata mahali pa kukaa. Kwake halikupata. Ujuzi aliosifiwa nao tangu Kihurio mpaka Kisiwani ndio uliosimama kizimbani kumshuhudia.

Alipewa miaka 20, kijana naye 20. Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba Februari 2019, pale mahakama ya Kisutu, Yang Fenglan, mwanamke wa Kichina aliyepatikana na hatia ya kuongoza mtandao wa magendo ya meno, katika kesi iliyotaja vipande 860, alihukumiwa miaka 15. Mimi pia nikiiweka miaka hiyo kando ya 20 ya kipande kimoja, naona mzani umelala. Lakini anayesubiri mzani ukae sawa ndipo aache kuchora jino, atakuwa gerezani wakati wengine bado wanabishana bungeni. Na mtandao wowote wa meno, hata uwe na wakubwa wa namna gani, unaishi kwa watu wa chini: wa kuonyesha njia, wa kubeba, wa kuhifadhi, wa kukata. Soko halikai siku moja bila mtu mwenye msumeno. China yenyewe ilielewa hivyo. Ilipofunga biashara halali ya meno mwisho wa 2017, ilifunga maduka na karakana za kuchonga kwa pamoja.

Jambo ambalo fundi angelifanya jioni ile halikuhitaji ushujaa. Angekataa kukipokea kitu, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, au kituo cha polisi, au kwa askari wa hifadhi, akasema alichokiona. Ni hivyo hivyo kwa mchungaji anayekuta mzoga porini au mkulima anayeng'oa jino kwa jembe: usilihamishe, usilipeleke nyumbani "kulitunza", usilipige picha ya kuwatumia marafiki, toa taarifa siku hiyo hiyo na watu wawepo wanaokusikia. Kama hamu ni ya kupata kitu cheupe na kigumu cha kuchorea, kokwa ya mkoche ikikauka vizuri inakatika na kung'aa karibu sawa na jino. Huko Eritrea, enzi za Waitaliano, kokwa za mikoche zilikatwa vifungo vya nguo. Nashangaa kwamba huku kwetu tunazitupa.

Mpwa wake aliendelea na kazi. Siku ya kwanza aliyoruhusiwa kumwona gerezani alimkuta amekonda, lakini cha kwanza mjomba alichouliza kilikuwa habari za pipa.

"Unachemsha na magadi?"

"Kidogo, mjomba."

"Yapunguze. Pembe inapauka. Na ile tupa ya nusu duara usimwazime mtu." Akakaa kimya kidogo, askari akiangalia saa. "Sikiliza. Mtu akikuletea kitu kilichokatwa, kitazame kichwani, kwenye jua, siyo kwenye taa. Ukiona ile mistari inapishana, usikishike tena. Mrudishie, na kabla hajafika barabarani wewe uwe umeshafika kwa mtendaji."

"Na akiwa ni mtu wetu?"

"Aliyeniletea mimi alikuwa ni mtu wetu."